Nimeambiwa mguu mmoja mfupi na nyonga imehama, nilipie vikao?

SWALI: Dokta habari, mi ni fundi cherehani, miaka 31, mgongo unaniuma kwa chini huu mwezi wa pili. Nilienda kwa mtu wa kairopraktiki, hawa wanaonyoosha mgongo kwa mikono, akanilaza, akaangalia visigino, akasema mguu wa kushoto mfupi na nyonga imehama. Anataka nilipie vikao 24 kwa mkupuo, la sivyo uti utazidi kupinda. Eksrei nayo inaonyesha mgongo umepinda kidogo. Nilipe?

JIBU: Usilipe dada. Hili la mguu mfupi naletewa kila mara na linaniudhi kweli, maana kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa ila maana anayokupa ndo uongo. Watu kama 9 kati ya 10 miguu yao hailingani, wastani wa tofauti ni kama milimita 5, na wengi wanazeeka hawajui. Mpaka ikaribie sentimita 2 ndo tunaanza kuishughulikia. Halafu kupima kwa kutazama visigino umelala, kiuno kikikaa upande kidogo tu au yeye akisukuma kisigino kimoja kwa dole gumba, mguu "unarefuka" hapohapo na we unaona miujiza.

Hakuna mwili wenye pande mbili sawasawa. Shika mitulinga yako hapo chini ya shingo, kwa watu wengi wa kulia ni mfupi kidogo na mnene kuliko wa kushoto. Wachezaji tenisi mfupa wa mkono wanaopigia unanenepa mpaka eksrei inaonyesha wazi. Uti wa kifuani wengi wetu umeelemea kulia kidogo, na mpindo usiofika nyuzi 10 hata hatuuiti skoliosisi, yaani uti kupinda kwa ugonjwa. Vile vinundu vya mgongoni navyo, vingi vimeota upande toka zamani, sasa mtu anakipapasa kimoja anakwambia pingili imehama! Haijahama popote, ndivyo ulivyo. Na ule mlio wa kuvunjwa mgongo ni gesi kwenye ute wa kiungo, si mfupa unarudi mahali pake.

Nadharia ya pingili kuhama na kuleta magonjwa aliianzisha D.D. Palmer, mwanzilishi wa kairopraktiki, kule Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, eksrei yenyewe ilikuwa haijagunduliwa, na mpaka leo watu wanauziwa pakeji kwayo. Sikatai, kukandwa na kunyooshwa kunawapunguzia wengine maumivu ya kiuno kwa muda, na wapo makairopraktiki waliosoma ambao hawasemi habari za mifupa kuhama. Ila we unainamia cherehani kutwa, anza na kunyanyuka mara kwa mara, kutembea, na mazoezi ya kukaza mgongo na tumbo, mtaalamu yeyote wa fiziotherapia hospitalini atakuonyesha.

Na wengine mnaosoma, shingo msikubali izungushwe kwa nguvu hovyo, ni nadra lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika mtu akapata kiharusi. Mgongo unaouma na homa za usiku huku unakonda unaweza kuwa TB ya uti, huo haunyooshwi na mtu. Ukianza kufa ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukagoma au kutoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.