Kiinua mgongo cha ulemavu kilichokatwa kodi kinadaiwaje?

Swali: Nilihamia Marekani kutoka Kenya, nikajiunga na jeshi, na mwaka 2023 nikaachishwa utumishi kwa sababu ya goti nililoumia mazoezini. Kiinua mgongo changu cha ulemavu, dola 20,000, kilikatwa kodi. Mwaka 2025 idara ya maveterani (VA) iliniidhinishia fidia ya ulemavu kwa goti hilohilo. Je, naweza kurudishiwa kodi ile, ingawa sikujeruhiwa vitani?

Jibu: Ndugu msomaji, unaweza. Kiinua mgongo cha ulemavu hakitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu endapo jeraha linahusiana na mapigano au endapo VA imekuidhinishia fidia ya ulemavu, na kwa kuwa wewe unayo barua ya VA, huna haja ya kuthibitisha habari za vita. Angalia tu kwamba hati zako zinasema malipo yalikuwa ya ulemavu, kwa sababu kiinua mgongo cha kawaida cha kuachishwa kazi hutozwa kodi hata kama VA itakutambua baadaye.

Dai hufanywa kwa fomu 1040-X, yaani fomu ya kurekebisha ritani (taarifa ya kodi ya mapato), ya mwaka 2023. Chukua W-2, yaani hati ya mwajiri inayoonyesha malipo na kodi, ya malipo yale: kisanduku cha 1 kinaonyesha kiasi kilichohesabiwa kuwa mapato, cha 2 kodi iliyokatwa. Ondoa dola 20,000 kwenye mapato ya mwaka mzima, kisha ukokotoe kodi upya. Unachorudishiwa ni tofauti ya hesabu hizo mbili, ambayo huenda isilingane na kiasi kilichokatwa. Ambatisha barua ya VA pamoja na hati ya jeshi inayotaja kiasi na sababu ya malipo.

Muda wa kudai ni miaka 3 tangu kuwasilisha ritani au miaka 2 tangu kulipa kodi, wowote utakaochelewa kwisha. Ritani ya 2023 iliyowasilishwa mapema huhesabiwa kuanzia tarehe 15 Aprili 2024, hivyo mwisho wako ni Aprili 2027. Anayesubiri uamuzi wa VA huku muda ukiyoyoma awasilishe dai la tahadhari, yaani dai la kulinda haki yake wakati uamuzi ukisubiriwa, kabla muda haujaisha.

Nasisitiza muda kwa sababu ukomo huo uliwahi kuwanyima wengi haki yao. Tangu 1991 hadi 2016, wanajeshi wa zamani zaidi ya 130,000 walikatwa kodi wasiyopaswa kukatwa, na wengi walipojua haki yao muda ulikuwa umepita. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria, iliyosainiwa Desemba 2016, ndipo Wizara ya Ulinzi ikawatumia barua mwaka 2018 na kuwapa mwaka mmoja wa kudai. Walioshindwa kupata hesabu zao kamili waliruhusiwa kudai kiwango maalumu, kuanzia dola 1,750 kwa malipo ya zamani hadi dola 3,200 kwa yale ya 2011 hadi 2016. Malipo yako ni ya baadaye, kwa hiyo hutaletewa barua ya namna hiyo. Dai ni la kuanzisha mwenyewe. Na kama jimbo lako nalo lilikata kodi ya mapato, ritani ya jimbo hurekebishwa kando, kwa fomu yake na muda wake.