Barua kwa mwanangu: yule mzee wa madaraja

Baba, marahaba. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara tatu nikiwa paking kabla sijaingia shifti. Unauliza yule mzee niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake hapa Ohio aliwezaje yote yale, injinia, mwanajeshi wa akiba wa majini, baba wa watoto saba na Misa haikosi, wakati wewe mwaka wa tatu tu wa uinjinia umekubana, na sasa unataka uingie hukohuko akiba. Kwa meseji nimeshindwa, ndo maana nimekaa mezani naandika.

Usidhani akiba ya huku ni kama mgambo wa kwetu. Hii ya majini ipo tangu 1915, unaenda wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili kwa mwaka, siku zingine zote uko kazini kwako kama watu wengine. Mzee alizaliwa 1931, akasoma Notre Dame, chuo cha mapadri wa Msalaba Mtakatifu, ada alilipiwa na jeshi la majini kwahiyo alipomaliza 1953 akawatumikia miaka mitatu kwanza, halafu akahamia akiba kwenye vile vikosi vya ujenzi wanavyoviita Seabees, wale wanaojenga magati na viwanja vya ndege. Akarudi uraiani 1956, mwaka uleule Rais Eisenhower alisaini sheria ya barabara kuu, kilomita kama 66,000 nchi nzima, basi anayejua daraja alikuwa anatafutwa kama lulu. Akabaki kwenye madaraja hadi kustaafu. Na madaraja yake sio yale ya kupigia picha, ni haya yanayovuka juu ya barabara, unapita chini yake unawahi kazini hata hujui kuna mtu alikesha nayo.

Nikimpeleka kliniki alikuwa ananiambia punguza mwendo hapa, anachungulia nguzo anatafuta alama ya kutu. Aliniambia daraja haliuliwi na malori, linauliwa na maji, ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha theluji inayeyuka, inapenya kwenye maungio pale juu, ikifika kwenye nondo basi nondo inashika kutu na kuvimba, na zege linapasuka kuanzia ndani. Mtu wa miaka 92, kama amekunywa chai asubuhi hakumbuki, lakini hilo anakueleza mpaka unaliona. Kidole cha mwisho cha mkono wa kazi alikuwa na pete ya chuma, mainjinia wa huku wanavaa wakishakula kiapo chao, vidole vikakonda mpaka nikaizungushia uzi mweupe kwa ndani isije ikaenda na maji kwenye sinki.

Jioni rozari. Yeye anaanza Salamu Maria kwa Kiingereza, mimi napokea Maria Mtakatifu Mama wa Mungu kwa Kiswahili maana ndo lugha ninayosalia, siku akichoka anarudi Kilatini cha utotoni kwake, na hatukuwahi kupotezana hata siku moja, shanga ni zilezile.

Siku ya mazishi jeneza lilikuja na bendera juu, walipofika mlango wa kanisa wakaikunja wakaiweka pembeni, wakamfunika kile kitambaa cheupe cha ubatizo, akaingia kama Mkristo yeyote. Bendera ilirudi Misa ilipoisha. Makaburini mabaharia wawili vijana, umri wako, wakaikunja tena taratibu ikawa pembetatu, mmoja akapiga goti akamkabidhi bibi, mke wa mzee.

Sasa jibu lako liko kwa huyo bibi. Wiki iliyofuata aliniita jikoni akafungua droo, imejaa kalenda za zamani za parokia. Kila mwezi wikiendi moja imezungushiwa penseli nyekundu, na pembeni kaandika vitu vidogovidogo, nani ana homa, bomba limepasuka, moja imeandikwa neno moja tu, ametembea. Mtoto wao wa nne alipiga hatua ya kwanza baba hayupo. Hakuniambia kwa uchungu, alipitisha kidole tu juu ya lile neno. Nilivyorudi nikapiga hesabu, siku 24 za wikiendi na 14 za mafunzo ni 38, mara miaka 20 ni siku 760, na hiyo 20 ndo inayotakiwa upate pensheni ya akiba, na yenyewe unaanza kuiona ukifika miaka 60. Siku 760 watoto saba walikula, wakaogeshwa, wakapelekwa kanisani. Kwahiyo ukiniuliza aliwezaje nakwambia hakuweza peke yake, na mwenyewe alijua, ile pensheni ikiingia alikuwa anasema hii ya mama, haigusi.

Sikukatazi baba. Ada naijua inavyokukaba, na shifti za usiku ninazofanya hazitoshi kuimaliza. Ila yule binti uliyeniambia mna malengo, umeshaongea naye? Chukua kalenda, zungushia hizo wikiendi za mwaka mzima na zile wiki mbili, mkae nayo mezani wote wawili kabla hujasaini, sio umpe taarifa ukishasaini. Akisema ndiyo na ajue anasema ndiyo kwa nini.

Jumapili mkitoka Misa nipigie, na yeye awepo, nataka nimsikie.

Mama yako