Ukienda kuvua kaskazini mwa Minnesota, chukua ziwa dogo

Kila theluji inapoanza kuyeyuka, ndugu na jamaa wa hapa Minneapolis huniuliza: kiangazi hiki tuwapeleke watoto ziwa gani? Wengi huwa wameshayataja majina makubwa wenyewe, Mille Lacs, Leech Lake, Superior. Jibu langu halibadiliki. Chukueni ziwa dogo, lile ambalo ukisimama gatini unaiona ng'ambo yake vizuri, mkae hapo hapo wiki nzima.

Madogo hayawezi kukosekana: jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi. Tatizo la makubwa ni upepo. Mille Lacs lina zaidi ya kilomita za mraba 500, na bado kina chake hakifiki mita 14. Maji mapana yenye kina kifupi namna hiyo yakipigwa na upepo huinuka haraka, mawimbi mafupi, makali, yanayofuatana bila nafasi. Mashua unayokodishiwa kwenye rizoti kwa kawaida ni ya aluminiamu, ndogo, yenye injini ndogo nyuma. Si chombo cha kushindana na maji hayo ukiwa umebeba watoto. Superior ndiyo usiseme. Kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji yasiyo na chumvi duniani, Victoria yetu inafuata, lakini aliyezoea kuoga Mwanza asidhani ataoga kule: hata Julai maji yake yanagandisha mifupa. Simameni Duluth, mji wa bandari wa ziwa hilo, watoto waone meli zikipita chini ya daraja linaloinuka, kisha endeleeni na safari.

Sasa samaki mwenyewe. Wanaokwenda kaskazini wengi wanamfuata walleye, samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, nyama nyeupe, miiba michache, ladha tulivu. Ukitaka kumpata, muelewe jicho lake. Nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimulika tochi linawaka kama la paka. Utando huo unamwezesha kuona kwenye mwanga hafifu kuliko visamaki anavyovila, kwa hiyo huwinda alfajiri, magharibi, na siku za mawingu maji yanapochafuka kidogo. Jua likiwa kali hushuka kwenye kina au hujificha kwenye majani.

Fikiria basi saa za huko. Mwezi Juni jua linazama saa tatu usiku imepita, na kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri limeshachomoza. Aliyelala hoteli ya mjini atafika ziwani samaki wameshamaliza kula. Aliyelala kwenye kibanda hatua chache kutoka gatini anaamka, anavaa jaketi la kuokolea, anaondoka. Ndiyo maana nasisitiza wiki moja mahali pamoja. Jioni ya kwanza unatafuta tu. Ikifika katikati ya wiki unajua ukingo upi wa majani samaki hupita, na saa ngapi.

Chambo changu cha kiangazi ni ruba, wanauzwa kwa dazeni kwenye maduka ya chambo. Mchome upande wa kinyonyeo chake kikubwa ili aendelee kuogelea. Tumia kiboya kinachoteleza kwenye mshipi, ukikizuia kwa fundo, chambo kining'inie kama nusu mita juu ya sakafu ya ziwa, pale majani yanapokomea na kina kinapoanza. Sheria ya jimbo inaruhusu mshipi mmoja kwa mtu wakati wa kiangazi.

Mchana waachieni watoto gati. Kipande cha nyungunyungu na ndoana ndogo vitawapa bluegill, visamaki bapa vinavyofanana kwa umbo na sato mchanga, na kelele za furaha zitasikika ng'ambo.

Leseni inahitajika kuanzia miaka 16, inanunuliwa mtandaoni kwa Idara ya Maliasili ya jimbo. Someni kanuni za ziwa lenu hasa, kwa sababu idadi na urefu wa samaki wa kuchukua vinatofautiana. Na heshimuni maji ya wenyeji: Lower Red Lake lote liko ndani ya ardhi ya Waojibwe wa Red Lake, Wamarekani asilia, si la kuvua mgeni. Mtoto chini ya miaka 10 analazimika kisheria kuvaa jaketi mashua ikitembea. Kwangu mimi, hata babu anavaa.

Jambo moja linaniuma. Sisi tuliona sangara na gugu maji walivyoligeuza Ziwa Victoria. Huku mgeni ni kome mdogo wa milia, aliyeletwa na maji yaliyobebwa matumboni mwa meli kutoka Ulaya miaka ya 1980. Huchuja maji mpaka yanang'aa, na walleye asiyependa mwanga anazidi kukimbilia kina. Kwa hiyo ukitoa mashua majini, ondoa majani yote, chomoa kizibo maji yatoke, na chambo kilichobaki kitupe kwenye pipa la taka, kamwe si ziwani. Acha pia chubwi za madini ya risasi. Ndege aitwaye loon, yule anayelia usiku juu ya maziwa haya, huzimeza na kufa kwa sumu. Za bati au chuma zinapatikana.

Rizoti nyingi hupangisha Jumamosi hadi Jumamosi, na nyingine hazitoi taulo wala mashuka, ulizeni mapema. Mafuta, unga wa ugali na pilipili bebeni wenyewe.

Kwenye kula, mjamzito na watoto wafuate mwongozo wa Idara ya Afya ya Minnesota kuhusu zebaki, sumu inayojikusanya mwilini mwa samaki. Mle walleye wadogo wanaoruhusiwa, wakubwa warudisheni majini: ndio wenye zebaki nyingi, na ndio watagaji.