Jibu: Maji ya kunywa kwa mwanafunzi mgeni

Shikamoo mama. Umeuliza kama maji ya bomba yanamfaa mwanafunzi wa afya ya kimataifa atakayekaa kwenu Moshi. Yachemshe, yakitokota kwa nguvu, dakika 1 inatosha. Tatizo huja baadaye: mtu anachota na kikombe, vidole vinagusa maji, uchafu umerudi. Tafuta ndoo ya mfuniko na koki, tafadhali. Kachumbari ioshwe kwa maji hayohayo, hata mswaki apigie hayo. Machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) ya moto hayana neno.

Akiharisha, mpe ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari. Akiwa na homa au damu kwenye choo, hospitali siku hiyohiyo. Malaria nayo ipimwe.