Burudani si neno la kila mahali

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Alasiri, nikaurudia tena usiku. Unasema hoteli unayoifanyia tafsiri imekupa karatasi zenye neno entertainment mara tano, ukaweka burudani mara zote tano, kisha uliposoma kwa sauti ikakukwama kooni. Ukaniuliza: "Mama, kwani si neno lilelile?"

Silo, mwanangu. Nimefurahi sikio lako limekataa.

Burudani na baridi ni ndugu, mzizi wao mmoja wa Kiarabu, na kitenzi chetu burudi maana yake ni kupoa. (Barafu usiiingize humo, hiyo ya Kiajemi.) Ndiyo maana dafu huburudisha koo, na soda na maji ya mkutanoni huitwa viburudisho. Burudani ni kile kinachoupoza moyo uliochemka. Waingereza walianzia kwingine kabisa. Neno lao walilipata kwa Wafaransa, na ndani yake mna kitenzi cha Kilatini cha kushika: kumshika mtu, kumkalisha, kumweka vizuri. Kwa hiyo kwao mgeni anayelishwa, wazo linalofikiriwa na mwimbaji aliye jukwaani, wote wanaingia nyumba moja. Kwetu kila mmoja ana mlango wake. Mgeni tunamkirimu. Wazo tunalizingatia. Na ile sentensi yako kwamba hoteli "haitaburudisha malalamiko" baada ya siku saba, andika haitapokea malalamiko, maana mwenye shida yake akiisoma hivyo ilivyo atadhani anakejeliwa.

Sasa kutumbuiza. Siku hizi tunalisikia kwa bendi: bendi fulani itatumbuiza Jumamosi. Lakini kutumbuiza pia ni kumbembeleza mtoto kwa wimbo mpaka atulie, na maana hii naipenda zaidi kwa sababu niliiona kwa macho yangu. Ulikuwa na miaka minne, umeshikwa na surua. Umeme umekatika, chumba kinafukuta. Bibi yako alikulaza mkekani karibu na mlango, akakuwekea kitambaa kibichi kwenye paji la uso, akashika kipepeo cha ukindu akawa anakupepea huku anaimba polepole, kila kipepeo kinaposhuka na neno lake. Alfajiri nilipoamka nilimkuta bado anapepea. Wimbo ulishakwisha maneno, umebaki mvumo tu, na wewe umelala kinywa wazi. Usiku ule kuburudisha na kutumbuiza vilikuwa kitu kimoja, na hapakuwa na mtu aliyekuwa anastarehe.

Ila usije ukadhani kila muziki hupoza. Taarab ni kinyume. Neno lenyewe limetoka kwenye tarab ya Waarabu, ule mtikisiko wa roho, uwe wa furaha au wa majonzi. Unamkumbuka jirani yetu aliyefiwa na mumewe, kwenye ile harusi tuliyokwenda pamoja? Alikaa kimya ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu akainuka, noti kaikunja mara nne, akaenda mpaka mbele kumtunza mwimbaji, mkono juu, machozi yanamtiririka hadi kwenye buibui. Yule hakupoa. Alichochewa, na alikuja kwa hilo. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, mzaliwa wa Fumba kisiwani Unguja aliyekuwa akiuza vyungu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakuwa na nyimbo za mapenzi peke yake. Aliimba pia maonevu waliyokuwa wakifanyiwa wanyonge mjini. Watu walikusanyika kumsikiliza, wakaondoka na jambo la kuzungumza barazani. Ukiiita hiyo burudani basi, umeipunja.

Yaliyobaki ni mepesi. Starehe ni ndugu wa raha, ila siku hizi imekaa vibaya, ukisema kumbi za starehe watu wanafikiria pombe. Kwenye karatasi ya hoteli ya kifamilia iepuke. Tafrija ina mzizi mmoja na faraja, kufunguka kwa kilichobana, nayo inafaa kwa chakula cha jioni cha kuwaaga wageni.

Kwa hiyo watoto waandikie michezo. Kikundi cha taarab kitatumbuiza, sawa, lakini ongeza mstari mmoja wa kueleza taarab ni nini, wasije wakaifanya kelele ya kulia chakula. Burudani iache mahali pamoja tu: kile kibaraza kinachotazama bahari, wageni wanapokunywa maji ya ndimu magharibi ikiingia na upepo wa kaskazi unavuma.

Nitumie nakala kabla hujaipeleka. Baba yako anakusalimu, na anauliza kama koti lake umelikuta.

Mama yako