Ukienda Sarlat msimu wa joto, kaa wiki nzima

Watu wananiuliza sana kuhusu Ufaransa, na wengi wakishapata viza wanawaza Paris tu, siku mbili za picha kesho yake wako kwenye treni ya Nice. Mi naomba mnisikilize. Julai iliyopita mimi na mume wangu tulikaa siku saba Sarlat, mji mdogo wa kale kule Dordogne, kusini magharibi, na kiukweli sijapumzika vile miaka mingi. Treni inatoka Bordeaux, haifiki masaa matatu.

Tafuta apatimenti ndani ya mji wenyewe wa kale, sio nje. Nyumba zote ni za mawe ya rangi ya asali, vichochoro vyembamba utadhani uko Mji Mkongwe, hadi mapaa mengine yameezekwa kwa vibamba vya mawe. Mwaka 1962 Wafaransa walipitisha sheria ya kulinda sehemu za kale za miji, ile ya waziri André Malraux, na Sarlat ukawa kati ya miji ya mwanzo kabisa kukarabatiwa. Nilikuwa nazitazama zile kuta nikaikumbuka Beit al Ajaib yetu ilivyoporomoka 2020, roho ikaniuma kweli.

Soko kubwa ni Jumamosi. Nenda saa mbili asubuhi, ikifika saa nne hupati pa kukanyaga, na kama una gari usithubutu, sisi tulizunguka karibu saa nzima kutafuta parking. Kanisa la zamani la Sainte-Marie saivi ni soko, limewekwa milango mirefu ajabu, kazi ya Jean Nouvel, msanifu majengo aliyekulia hapohapo. Nje yake kulikuwa na mama mmoja anauza mafuta ya jozi, akamega mkate akaudondoshea matone mawili matatu akanipa kimyakimya, yaani harufu yake kama jozi zimetoka kukaangwa sasa hivi, nikanunua chupa mbili sikuuliza hata bei. Halafu anza na bonjour kila unapoingia, wale ni kama sisi, bila salamu hata huduma inakuwa nzito.

Kwa wanaokula halali, ulizeni kwanza. Vile viazi vyao maarufu vya kitunguu saumu vinakaangwa kwa mafuta ya bata, na bata mwenyewe yuko kwenye kila menyu. Sisi tulipika nyumbani, samaki, jibini ya mbuzi, mkate na matikiti yale ya ndani rangi ya chungwa, matamu mno. Na mchana kula mapema, saa nane jiko linafungwa, siku ya kwanza tulifika saa nane na nusu mgahawa fulani tukarudishwa na njaa yetu.

Mchana jua kali, fungeni madirisha mlale. Siku moja tu tulitoka, tukakodi mtumbwi mto Dordogne tukapita chini ya ngome ya Beynac, ilitosha. Jioni ndo raha yenyewe, Magharibi inaingia karibu saa nne usiku, wageni wa mabasi wameshaondoka, taa zinawaka, unakaa kwenye ngazi za mlango wako na jiwe bado lina joto la mchana. Mume wangu alikuwa anatoa chai nje, tunakaa pale mpaka saa sita.