Injini ikizima angani, ndege ndogo haidondoki kama nazi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama ndege ya injini moja ya kwenda Zanzibar ikizimika katikati ya bahari inadondoka kama nazi. Haidondoki. Mimi ni fundi wa ndege hapa Dar, na yalishanikuta nikiwa ndani.

Tulikuwa tunarudi kutoka kusini na Cessna 172, rubani na mimi tu, futi kama 2,500 juu ya Kimbiji, pwani ya kusini mwa Dar. Geji ya presha ya oili ikaanza kushuka, mara kioo cha mbele kikatapakaa oili. Mpira wa kupitishia oili ulikuwa umepasuka. Injini ikagonga, ikatikisa ndege nzima, kisha kimya. Pangaboi limesimama wima mbele yetu.

Rubani hakukimbilia redio. Alishusha pua kidogo, akashikilia spidi ya noti 65, kama kilomita 120 kwa saa. Kwa spidi hiyo 172 bila injini inakwenda mbele kama futi tisa kwa kila futi moja inayoshuka, kwa hiyo tulikuwa na dakika tatu na ushee, na kama kilomita saba. Mpaka JNIA, uwanja mkuu wa ndege wa Dar, ni zaidi ya kilomita 25, usiwaze. Na ukiingiwa na hofu ukavuta pua juu ili usishuke, spidi inakufa, bawa linaacha kubeba, na hapo ndipo unadondoka kweli. Kuvuta huko kunaua kuliko injini yenyewe.

Bara ni minazi na mikorosho mitupu. Bahati yetu ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, mchanga mgumu uko wazi. Kusi ilikuwa inavuma, na pwani ile imelala karibu usawa wake, basi akageuza tukaukabili upepo. Akaita Mayday redioni, yaani wito wa dharura, akaweka 7700, namba ya dharura inayoonekana kwenye rada, akaniambia niuachie mlango wazi kidogo, maana bodi ikipinda mlango hugoma. Akafunga mafuta, akazima magneto, mitambo inayotoa cheche za injini. Swichi kuu ya umeme aliiacha mpaka zishuke flapu, vibao vya nyuma ya bawa vya kutulia taratibu, kwa kuwa za 172 yetu zinatumia umeme.

Tuligusa vizuri. Mwishoni gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga laini, ndege ikainamia pua. Watoto wa kijijini walifika kabla hatujafungua mikanda, wa kwanza akauliza kama tuna maji ya kunywa, sijui alidhani tumetoka wapi.

Sasa Zanzibar. Cessna Caravan, ndege ndogo za abiria unazoziona nyingi pale, zina injini ya tabaini, si ya pistoni kama yetu, na nayo ikizima ndege inaelea hewani vilevile. Shida ni majini: magurudumu yake hayakunjwi, yakigusa maji ndege inaweza kupinduka. Kwa hiyo jaketi la kuokolea vaa, lakini usilijaze upepo ukiwa ndani. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikatua baharini Komoro. Kuna abiria waliojaza mapema, maji yakawainua hadi darini, mlango wakaushindwa. Toka kwanza, ndipo uvute kamba.